Nchi tajiri na nchi maskini zinavyotunga sera: naikataa kauli ya "sera ni nzuri, tatizo utekelezaji"

Wakuu, salaam.

Kila panapozungumzwa maendeleo kuna kauli haikosekani: nchi maskini zina sera nzuri sana, tatizo ni utekelezaji. Mawaziri wanaisema, wasomi wanaisema, wahisani wanaiandika kwenye ripoti zao. Naikataa, na uzi huu nimeuleta nieleze kwa nini.

Sera iliyotungwa bila kujua nani ataibeba, kwa pesa ya nani, na kwa taarifa zipi, ilikuwa mbovu tangu ilipopigwa muhuri. Huwezi kuisifu kisha ukamtupia lawama mwalimu au mganga wa zahanati aliyeshindwa kuitekeleza. Na ukizitazama nchi tajiri kwa karibu utaona nazo zinakosea, tena makosa makubwa. Zinachowazidi wenzao ni kwamba sera zao wanazilipia wenyewe, wanazipima kwa takwimu zao, na zikiharibika kuna mahali pa kuzipeleka zikatolewe majibu.

Tuanze na pesa, maana hapo mengi huamuliwa kabla mtaalamu hajashika kalamu. Nchi za OECD, yaani umoja wa nchi ambazo nyingi ni tajiri, kwa wastani hukusanya kodi inayofikia takriban asilimia 34 ya pato la taifa. Wastani wa nchi za Afrika ni kama asilimia 16, na pato lenyewe ni dogo. Kwa hiyo waziri wa fedha wa nchi tajiri akipokea andiko la sera, anagombana na wenzake kuhusu fungu lipi lipunguzwe ili jingine liongezwe. Mwenzake wa nchi maskini, akishalipa mishahara na riba ya madeni, hana kingi cha kugombania. Swali linakuwa: nani atatupa? Likishaulizwa hilo, hata lugha ya andiko inabadilika. Linaandikwa ili limpendeze atakayetoa pesa.

Mwaka 1999 Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) zilileta utaratibu wa mikakati ya kupunguza umaskini. Nchi iliyotaka kufutiwa madeni chini ya HIPC, mpango wa unafuu kwa nchi maskini zenye madeni makubwa ulioanza 1996, ilitakiwa kuandaa mkakati wake yenyewe kwa kushirikisha wananchi, halafu mkakati huo upelekwe kwenye bodi za taasisi hizo kule Washington. Yaani mkakati ni wako, ila usipokubalika kwao unafuu hupati. Sibezi unafuu huo, ulizipa serikali nyingi nafasi ya kupumua. Ninachosema ni kwamba maofisa wa mipango walizoea kumwandikia msomaji wa mbali, na mazoea hayo hayakufutwa pamoja na deni.

Mfano unaonigusa zaidi ni Malawi. Mwaka 2005 mavuno yalikuwa mabaya mno na mamilioni ya watu walihitaji chakula cha msaada. Kwa miaka mingi ushauri wa wahisani ulikuwa ruzuku ya mbolea ipunguzwe, soko lifanye kazi. Serikali ya Rais Bingu wa Mutharika ikaamua msimu wa 2005/06 kutoa ruzuku ya mbolea na mbegu kwa wakulima wadogo, na msimu huo wa kwanza ikagharimia yenyewe. Mvua zilikuwa nzuri, mahindi yakaongezeka, na baada ya hapo baadhi ya wahisani waliokuwa wakipinga wakaanza kuchangia.

Mpango ule ulikuwa na kasoro, tusidanganyane. Gharama zilipanda, kuponi za ruzuku zilichepushwa, na takwimu za mavuno zilikuja kutiliwa shaka. Lakini angalia nani alikuwa akimkataza nani. Umoja wa Ulaya una sera ya pamoja ya kilimo tangu 1962, na hadi leo karibu theluthi ya bajeti ya Umoja huo huenda huko. Marekani inawasaidia wakulima wake kwa sheria tangu 1933. Nchi tajiri ikitoa ruzuku inaitwa sera ya kilimo, nchi maskini ikifanya hivyo inaambiwa inavuruga soko. Hilo linaniudhi na sitalificha.

Jambo la pili ni takwimu, na hapa naomba mnivumilie, kwa sababu ni eneo watu wanaliruka kwa kuliona kavu.

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilifanya sensa yake ya mwisho mwaka 1984. Denmark mwaka 1981 ilifanya sensa bila kumtuma karani nyumbani kwa mtu yeyote, kwa kuunganisha rejesta za serikali tu: ya watu, ya kodi, ya makazi, ya ajira. Sasa wachukue wataalamu wawili wenye shahada kutoka chuo kimoja. Mmoja mpeleke Copenhagen, mwingine Kinshasa, wote wapange idadi ya madarasa yatakayohitajika miaka kumi ijayo. Yule wa Kinshasa atakadiria juu ya makadirio, na akikosea ataitwa mzembe.

Hata ukubwa wa uchumi huwa haujulikani vizuri. Novemba 2010 Ghana ilibadilisha mwaka wa msingi wa kukokotoa pato la taifa, yaani mwaka ambao bei na shughuli zake hutumika kama kipimo, na pato likaonekana kubwa zaidi kwa takriban asilimia 60. Nigeria ilifanya hivyo Aprili 2014, likapanda kwa karibu asilimia 89, ikawa uchumi mkubwa kuliko wote Afrika. Hakuna aliyelala maskini akaamka tajiri. Shughuli zilikuwepo siku zote, hazikuwa zimehesabiwa. Maana yake ni kwamba kwa miaka kadhaa kila uwiano uliokuwa mezani, wa deni kwa pato, wa kodi kwa pato, wa matumizi ya afya kwa pato, ulikuwa umepotoka, na sera ziliendelea kutungwa juu yake.

Mwaka 2020 tofauti hii ilionekana mchana kweupe. Uingereza ilitangaza tarehe 20 Machi kwamba ingelipa asilimia 80 ya mshahara wa mfanyakazi aliyesimamishwa kazi kwa sababu ya korona, hadi pauni 2,500 kwa mwezi. Mwezi mmoja baadaye mfumo ukafunguliwa na pesa zikaanza kwenda. Iliwezekana kwa sababu tangu 2013 waajiri walikuwa wakiipelekea mamlaka ya kodi taarifa kila wanapolipa mishahara. India nayo, jioni ya tarehe 24 Machi, ilitangaza kufungwa kwa nchi nzima kuanzia usiku wa manane, saa nne tu baadaye. Wafanyakazi wahamiaji wakajikuta mijini bila kazi na bila usafiri, wengi wakatembea mamia ya kilomita kurudi kwao. Agizo lilifanana na la Ulaya, ila kilichokuwa nyuma ya agizo hakikufanana. Kwa mujibu wa Shirika la Kazi Duniani (ILO), zaidi ya asilimia 85 ya ajira Afrika iko kwenye sekta isiyo rasmi. Huwezi kumlipa asilimia 80 ya mshahara mtu ambaye mshahara wake haujaandikwa popote.

Lakini itazame Togo. Aprili 2020 ilianzisha mpango uitwao Novissi. Hawakuwa na rejesta ya mishahara, ila walikuwa wametoka kuandikisha wapiga kura, na daftari lile lilionyesha kazi ya mtu na mahali anapoishi. Wakalitumia hilo. Mwananchi alijisajili kwa simu ya kawaida isiyo na intaneti, na pesa zikaingia kwenye simu hiyo hiyo. Wanawake walipewa kiasi kikubwa kidogo kuliko wanaume, faranga 12,250 kwa mwezi dhidi ya 10,500. Sera hiyo haikunakiliwa London. Waliokaa mezani walijiuliza wana nini mkononi, wakajenga kutoka hapo.

Tatu ni safari ya pesa baada ya bajeti kupitishwa. Mwaka 1996 watafiti walifuatilia ruzuku ya shule za msingi Uganda, ile ya matumizi yasiyo ya mishahara. Wakakuta kwamba kati ya 1991 na 1995, kwa wastani asilimia 13 tu ya ruzuku hiyo ndiyo iliyofika shuleni. Kwenye vitabu vya hazina pesa zilikuwa zimetoka. Serikali ikaanza kutangaza magazetini kiasi kinachopelekwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika ukutani kiasi zilichopokea. Miaka michache baadaye sehemu kubwa ya ruzuku ilikuwa inafika. Wataalamu bado wanabishana ni kiasi gani magazeti yalichangia, kwa sababu mageuzi mengine yalienda sambamba. Mimi kinachonishika ni kitu cha awali kabisa: hadi mtu alipokwenda kuuliza shuleni, waliotunga sera hawakujua kwamba sera yao haipo.

Na nchi tajiri zinakosea? Sana. Serikali ya waziri mkuu wa Uingereza Margaret Thatcher ilileta kodi ya kichwa, Scotland 1989, England na Wales 1990. Tajiri na maskini wa eneo moja walitozwa karibu sawa. Watu wakagoma kulipa, zikazuka ghasia London, Thatcher akaondoka mwaka huo huo, na 1993 kodi ikabadilishwa. Australia mwaka 2016 iliachia kompyuta kazi ya kudai madeni ya watu waliopokea posho za serikali. Mfumo ulichukua kipato cha mwaka mzima, ukakigawanya sawa kwa kila wiki mbili, kana kwamba kibarua hupata kiasi kilekile mwaka mzima. Mamia ya maelfu ya watu walidaiwa madeni yasiyokuwepo. Familia zilisambaratika, wengine walijiua.

Lakini fuatilia kilichotokea baadaye. Mambo yakafika mahakamani, serikali ikakiri mpango haukuwa na msingi wa kisheria, pesa zikarudishwa, na tume ya kifalme ya uchunguzi ikawahoji mawaziri na makatibu wakuu hadharani, ikatoa ripoti 2023. Haki ilichelewa, hata hivyo njia ya kuidai ilikuwepo, na wanyonge waliitumia.

Kuna pia breki za mapema. Uholanzi ina ofisi ya uchambuzi wa sera za uchumi tangu 1945, mkurugenzi wake wa kwanza akiwa mchumi Jan Tinbergen, na tangu 1986 vyama vimekuwa vikiipelekea ilani zao kabla ya uchaguzi ili zipigiwe hesabu. Marekani ina ofisi ya bajeti ya Bunge tangu 1974. Uingereza iliunda ofisi yake huru ya makisio ya bajeti 2010, na Septemba 2022 waziri wa fedha Kwasi Kwarteng alipotangaza kupunguza kodi kwa pauni bilioni 45 bila makisio ya ofisi hiyo, sarafu ilianguka, Benki Kuu ikalazimika kuingilia kati, na ndani ya wiki chache yeye na waziri mkuu Liz Truss wote walikuwa nje.

Karibuni tujadili.

MCHANGIAJI: Mkuu umeandika vizuri lakini umemkwepa mchawi mwenyewe, rushwa na uongozi mbovu. Botswana haikuwa na takwimu wala pesa ilipopata uhuru, mbona imefika?

MLETA MADA: Ndugu, swali zuri, na Botswana ni shahidi wangu pia. Ilipopata uhuru 1966 ilikuwa miongoni mwa nchi maskini kabisa duniani, na kilomita 12 hivi tu za barabara ya lami. Almasi zilipopatikana Orapa 1967 hazikuleta maajabu peke yake, maana madini yamezivuruga nchi nyingi. Walichofanya ni kuweka mipango na fedha ndani ya wizara moja. Aliyeandika mpango ndiye aliyejua sanduku lina kiasi gani. Mpango wa maendeleo ukipitishwa na Bunge, mradi usiokuwemo haupati pesa mpaka Bunge liridhie. Mradi wa mkubwa fulani uliozuka katikati ya mwaka unakosa mlango. Hapo rushwa imebanwa na muundo wa kazi, kabla ya mahubiri ya maadili. Kwenye nchi nyingine wizara ya mipango huandika mipango ya miaka mitano inayotamanika, na hazina hutoa pesa kadiri zinavyopatikana mwezi kwa mwezi. Ukitaka kujua sera ya kweli ya nchi ya namna hiyo, tazama hazina imelipa nini.

Botswana ina mapungufu yake, bado inategemea almasi mno na pengo la kipato ni kubwa. Ila kwenye nidhamu ya bajeti ilianza mapema, ikiwa maskini.

MCHANGIAJI: Nchi maskini zitabaki za kunakili tu. Hakuna tajiri atakayekuja kujifunza huku.

MLETA MADA: Hapana mkuu, hili nalikataa kwa ushahidi. Mexico mwaka 1997 ilianza kuzipa kaya maskini pesa kwa sharti la watoto kusoma na kupimwa afya, na ikapanga tathmini ya kisayansi tangu mwanzo, jambo ambalo hata nchi tajiri hulikwepa. Mwaka 2007 jiji la New York likajaribu mpango wa aina hiyo. Matokeo yake New York yalikuwa ya wastani, kwa sababu umaskini wa huko haufanani na wa vijiji vya Mexico, na hilo nalo ni funzo: sera ikinakiliwa inaweza kushindwa hata kwenye jiji lenye fedha. Porto Alegre ya Brazil ilianza kuwaachia wakazi wapange sehemu ya bajeti ya jiji mwaka 1989. Paris ikaja na ya kwake 2014.

Bangladesh mwaka 1982, ikiwa fukara kweli, ilipiga marufuku takriban dawa 1,700 zilizoonekana hazina faida au zina madhara, ikavipa viwanda vya ndani nafasi ya kutengeneza dawa muhimu. Kampuni kubwa za nje zilipinga, Marekani ikaweka shinikizo. Hawakurudi nyuma. Leo viwanda vyao vinatosheleza zaidi ya asilimia 90 ya mahitaji ya dawa nchini. Kenya nayo mwaka 2007 Benki Kuu iliruhusu M-Pesa kwa barua ya kutokuwa na pingamizi, ikawa inaifuatilia wakati huduma inaendelea, na sheria ya mifumo ya malipo ikaja 2011. Wangesubiri sheria kamili ya mtindo wa Ulaya, sijui kama huduma ile ingezaliwa.

MCHANGIAJI: Kwa mtazamo wangu dawa ni kiongozi mkali. Demokrasia inachelewesha. Angalia China na Korea Kusini.

MLETA MADA: Nakuelewa, na kuchelewa ni kweli kupo. Sweden mageuzi ya pensheni yalianza na kikundi cha wabunge wa vyama 1991, misingi ikapitishwa 1994, sheria 1998. Miaka saba. Lakini serikali zimebadilika na mfumo bado upo, kwa sababu wapinzani waliushiriki tangu mwanzo. Nchi maskini ambayo kila waziri mpya anakuja na mtaala mpya haijaokoa muda wowote.

Korea Kusini ukali ulikuwepo, ila tazama kazi ilivyofanywa. Bodi ya mipango ya 1961 ilishika mpango na bajeti pamoja, na Rais Park Chung-hee aliongoza mikutano ya mara kwa mara ya mauzo ya nje ambako wenye viwanda walieleza vikwazo uso kwa uso na maofisa. Taarifa kutoka chini zilikuwa zinafika juu. Na China inatupa upande wa pili. Mwaka 1959 hadi 1961 mamilioni walikufa kwa njaa, na sababu mojawapo ni kwamba viongozi wa chini, kwa woga, walikuwa wakiripoti mavuno makubwa yasiyokuwepo, na serikali ikachukua nafaka kwa kufuata ripoti hizo. Ukali ndio uliozalisha takwimu za uongo. Walipofanikiwa baadaye walikuwa wanajaribu padogo kwanza: wakulima wa jimbo la Anhui kugawana mashamba kwa kaya tangu 1978, kanda nne maalumu za kiuchumi kuanzia 1980. Kilichofaa kikasambazwa.

MCHANGIAJI: Sasa sisi tulio maofisini tufanye nini kesho asubuhi? Nadharia tumezisikia.

MLETA MADA: Mkuu, nakupa mfano badala ya nadharia. Ethiopia mwaka 2003 ilikuwa na madaktari wachache mno, na mahesabu yalionyesha vyuo visingeziba pengo kwa miongo. Wangeweza kuandika sera inayodai daktari kila kata, ikasifiwa. Wakaanzia kwenye swali la nani yupo. Waliokuwepo ni wasichana waliomaliza darasa la kumi. Wakawafundisha mwaka mmoja, wakawarudisha wawili wawili kwenye jamii zao, na wakawaweka kwenye orodha ya mishahara ya serikali. Walifika zaidi ya 30,000. Kufikia 2013 Ethiopia ilikuwa imetimiza lengo la milenia la Umoja wa Mataifa la kupunguza vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano, kabla ya muda uliowekwa, ingawa zilikuwepo sababu nyingine pia.

Hilo la mshahara wa serikali ndilo ningelibeba kwenye kikao cha kesho. Mwaka 2025 Marekani ilisitisha misaada ya nje na kulifunga shirika lake la misaada, USAID, na nchi nyingi zikagundua ndani ya wiki chache ni wahudumu wangapi wa afya waliokuwa wakilipwa na mradi, nje ya bajeti ya taifa. Ethiopia yenyewe iliumia kwenye maeneo yaliyobebwa na miradi. Kwa hiyo andiko lolote linalofika mezani kwako, fungua ukurasa wa watumishi. Tafuta jina la cheo, namba ya fungu linalomlipa, na mwaka ambao fungu hilo linakwisha. Kama fungu ni la mhisani, andika humo humo lini litahamia kwenye bajeti ya ndani na kwa kupunguza nini. Kama hakuna anayeweza kujaza hapo, lirudishe andiko kwa waliolileta.